Dobi na Mifuko ya Moshi

Mtaa mzima haukuwa na mtu aliyejua kufua kama yeye, na wa kwanza kukuambia hivyo alikuwa yeye mwenyewe. Hakuona haya. Makoti ya madaktari, mashati ya shule, vitambaa vya meza vya hotelini, vyote vilipita mikononi mwake vikatoka vyeupe pe. Mteja aliyethubutu kuuliza kama doa litatoka alipimwa kwa jicho kuanzia kichwani mpaka miguuni, kisha akaambiwa, "Wewe lete nguo. Doa niachie mimi."

Lakini dobi huyu hodari alikuwa na aibu moja ambayo sabuni haikuiweza. Nguo zake alizianika ndani.

Nyuma ya ukuta wa ua wake kilikuwepo kiwanda cha sufuria. Humo makopo ya soda, vipuri vya magari na sufuria zilizotoboka viliyeyushwa katika kalibu, tanuri kubwa lililochomwa kwa oili chafu ya gereji, na bomba la moshi lilisimama karibu kiasi kwamba asubuhi kivuli chake kilipita katikati ya ua. Moshi wenyewe ulikuwa wa manjano, mchungu, wa kuwasha koo. Ukitua juu ya nguo mbichi unaacha vidoa vya rangi ya chai, na kitambaa kikiwa chepesi unaacha vitundu. Basi dobi alifunga kamba chumba cha pili, kutoka ukuta hadi ukuta, akaweka jiko la mkaa katikati, na watoto wake walikua wakitembea wameinama chini ya mashuka ya watu.

Uani palisimama nguzo mbili za chuma. Mumewe alizisimika wiki waliyohamia, akajipiga kifua, "Hapa nitakufungia kamba uanike nje kama madobi wenzako." Kamba aliinunua kweli. Ilikuwa bado mpya, imeviringishwa, imetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Nguzo zenyewe zilitumika kama goli, watoto walipocheza, na siku zisizo na mpira kuku wa jirani walizipanda wakalala.

Sasa uhondo wenyewe ni huu: mume huyo ndiye aliyekuwa fundi mkuu wa kalibu. Yeye ndiye aliyewasha moto kila uchao. Yaani mume alichafua, mke akafua. Ndoa nyingi huenda hivyo, ila wao walikula na kulala wakilisikia bomba lenyewe likipumua.

Mambo yakaendelea vile mpaka watu wa mazingira walipokuja kiwandani na amri: moshi usafishwe, la sivyo kalibu izimwe na milango ifungwe. Bosi akashika kichwa. Mitambo ya kusafishia moshi ilikuwa ya viwanda vikubwa, si chake. Hapo ndipo Injinia, kijana mwembamba aliyesimamia mitambo, aliposema kwamba chokaa hula ile gesi chungu, na mume wa dobi akadakia kwamba maganda ya mayai ni chokaa tupu, tena waoka mikate wanayatupa kila siku kwa magunia. Wakatazamana. Kuanzia siku ile wawili hao hawakushikika.

Waliomba, waliokota, walibeba. Maganda yalichomwa kwenye tanuri dogo la pembeni lililokula joto la bure la kalibu, yakanyunyiziwa maji yakavunjika yenyewe, yakakaushwa, yakachekechwa yakawa unga laini. Kiwanda cha karatasi, ng'ambo ya barabara, kilikuwa kimetupa mablanketi mazito ya mashine zake yaliyochakaa. Wakayachukua, wakayashona mifuko mirefu kama miguu ya suruali, wakaitundika ndani ya chumba cha mabati. Moshi ukitoka kwenye kalibu ulizungushwa kwanza katika bomba refu la chuma ili upoe, ukapulizwa unga wa maganda njiani, kisha feni ikaulazimisha kupenya kitambaa cha mifuko kabla ya kuruhusiwa kwenda zake. Ukiondoa hiyo feni na mabomba, kila kitu kilitoka jalalani.

Mtaa ulicheka mpaka ukashika mbavu. Mume wa dobi wakambatiza Baba Maganda. Akipita na gunia begani waliuliza hali ya kuku wake, na kama ametaga. Dobi naye alicheka pamoja nao, maana kununa kungewapa raha zaidi, ila waliozidisha kucheka walishangaa kuona nguo zao zinachelewa kukauka.

Siku za mwanzo moshi ulitoka vilevile, na kicheko kikapanda. Halafu ukaanza kupungua. Ukawa mwepesi, ukawa wa kijivu, mwisho ukawa mtetemo tu wa hewa juu ya bomba, kama ule unaouona juu ya bati wakati wa jua kali. "Mashine imeanza kutuzoea," alisema Baba Maganda, kichwa kimemvimba kidogo. Akaitazama ile kamba nyuma ya mlango.

"Bado," mkewe alimwambia. "Siku mpimaji wa watu wa mazingira akisema ndiyo, nitaanika. Siwezi kuunguza koti la daktari kwa sababu ya mapenzi."

Siku ya mpimaji ikapangwa, Jumatatu. Wakishindwa, kalibu inazimwa. Wafanyakazi wote walijua hivyo, na dobi alijua zaidi, kwa sababu mumewe ndiye aliyesimama mbele ya watu akasema takataka zitaweza. Zisipoweza, lile jina la Baba Maganda angekwenda nalo kaburini.

Kalibu haikuwa na desturi ya kupoa, lakini mwisho wa wiki ule waliizima ili waiandae. Baba Maganda akafungua chumba cha mabati, akamulika mifuko, akastuka. Ilikuwa imevaa gamba la unga lililogandamana, la kijivu, kama ukoko uliosahauliwa chini ya sufuria.

"Injinia, hebu njoo uone. Mgeni anakuja, na sisi tutamwonyesha hii?"

Injinia akachungulia, akakunja pua. "Aisee. Inatia aibu kweli."

"Nyumbani nina dobi."

"Basi tunangoja nini?"

Wakaishusha mifuko yote, wakaipakia kwenye mkokoteni, wakaisukuma mpaka uani. Dobi alipoiona hakuchukia hata kidogo. Alifurahi. Miaka yote kazi ya mumewe iliingia kwenye beseni lake kama uchafu wa nguo za watu. Leo ililetwa kwa heshima, naye akaombwa msaada. "Iwekeni hapo," alisema akikunja mikono ya gauni. "Jumatatu mtaiona wenyewe."

Alifua Jumamosi kutwa. Maji ya kwanza yalitoka mazito kama uji, ya pili kama maziwa, na chokaa ilimchonyota vidole mpaka akavifunga vitambaa. Akajikaza kisabuni. Alisugua kwa brashi ngumu, akasuuza, akarudia kusugua pale ambapo mtu mwingine angesema basi. Akaitandaza juu ya ukuta wa ua. Kamba mpya hakuigusa, ilikuwa na siku yake. Jumapili jioni mifuko ilikuwa imekauka, laini, safi kuliko siku iliyoshonwa. Baba Maganda alipitisha kiganja juu ya mmoja, akatikisa kichwa.

"Mama," alisema, "mikono yako ingewekewa ulinzi."

"Acha kunivika kilemba cha ukoka. Beba mifuko yako."

Jumatatu asubuhi dobi alikuwa anapiga pasi alipoona kivuli kinapita dirishani. Akatoka nje. Juu ya ukuta moshi ulikuwa unapanda, wa manjano, mzito, unaviringika kama zamani zile, na uchungu ulikwisha mfika kooni. Alizima pasi, akasahau kuvua aproni, akatoka mbio.

Kiwandani kila mtu alikuwa anatazama juu. Mpimaji alikwisha fika, mwanamke wa makamo mwenye koti jeupe la kazi, na alikuwa juu ya ngazi, ameingiza kijiti cha mashine yake kwenye tundu la bomba. Akashuka taratibu. "Hapa ninaiandaa mashine yangu tu," alisema. "Vipimo vya kuandika naanza mchana. Lakini kwa moshi huu, jamani..."

Bosi alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Injinia alikuwa anazunguka feni kama mtu aliyepoteza ufunguo. Baba Maganda alisimama wima mahali pamoja, uso umempauka, na mfanyakazi mmoja aliyeshindwa kujizuia akasema, "Shemeji, hiyo sabuni ni ya aina gani? Naona imeutia moshi nguvu."

Damu ilimpanda dobi. "Toka nimeanza kufua sijawahi kurudisha nguo chafu! Hata leso!"

"Hakuna aliyesema ni chafu," alisema mumewe kwa sauti ndogo.

"Basi mbona mnaniangalia hivyo?"

Hakungoja jibu. "Zimeni hiyo feni. Nifungulieni nione nguo zangu." Aliziita nguo zake, na kwa namna alivyosema, hata Bosi alinyanyuka kwenye ndoo. Wakazima moto, wakazima feni, wakangoja hewa itulie, wakafungua. Dobi akajifunga kitambaa puani, akaingia, akashika mfuko wa kwanza. Ulikuwa bado safi. Unga wa maganda ulikuwa umerundikana chini, sakafuni. Juu ya kitambaa haukukaa. Akausugua kwa kidole, ukateleza ukaanguka.

"Haushiki," alisema.

"Nini hakishiki?" Injinia akauliza.

"Huo unga wenu. Unapita tu. Mliponiletea mifuko hii ilikuwa imevaa. Nilitoa ndoo kwa ndoo za chokaa. Ilikuwa imevaa koti zima." Akanyamaza, kwa sababu alikuwa ameanza kusikia anachokisema. "Na mimi nikaivua."

Injinia alijipiga kofi la paji la uso, likasikika mpaka nje. "Lile gamba! Lile gamba ndilo lililokuwa linachuja. Kitambaa kazi yake kulishikilia tu."

"Ndiyo maana siku za mwanzo hatukufanikiwa," alisema Baba Maganda, macho yamemtoka. "Si mashine iliyotuzoea. Mifuko ilikuwa inajivika. Na sisi tukaionea aibu, tukampelekea dobi!"

"Tena dobi mzuri," alisema Injinia kwa uchungu. "Angekuwa mzembe tungepona."

Mtu mmoja akacheka, wa pili akafuata, na kicheko kile kiliwafaa, maana walikuwa karibu na kulia. Lakini dobi hakucheka. Kuambiwa kwamba umeharibu kwa sababu umefanya vizuri ni jambo gumu kulimeza, na alilimeza pale pale, mbele ya watu, kama kidonge kisicho na maji. Kisha akageuka.

"Gamba lilichukua siku nyingi kujijenga. Sasa hatuna siku. Unga mnao?"

"Magunia," alisema mumewe.

"Uleteni. Mikono tunayo."

Wakavaa glavu, wakafunga vitambaa puani, wakavaa miwani ya kulehemu walioipata. Kila mtu akapewa mfuko wake na ndoo ya unga wa maganda. Mwanzoni walirusharusha tu, unga ukawarudia usoni. "Hamrushi mchanga!" dobi alifoka. "Pakeni! Mnampaka mtoto poda hamjawahi? Sukumeni uingie ndani ya manyoya ya kitambaa, halafu ongezeni juu yake." Wayeyushaji wa chuma, watu wenye vifua kama milango, wakaanza kupaka mifuko poda kwa upole, wakiviringisha viganja kama walivyoonyeshwa. Bosi naye alipewa wake. Alipaka vibaya, akarudishwa kuanza upya, akatii.

Walipomaliza, Baba Maganda akaiwasha feni peke yake, bila moto, akapuliza unga kupitia bomba refu ili ujaze palipobaki. Wakafungua tena kuangalia. Safari hii mifuko ilikuwa imevaa, nyeupe, nzito, na dobi alipoigusa unga haukuteleza. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, kama anavyofanya kola ikikaa sawasawa.

"Washa," alisema.

Mpimaji alikuwa ametazama yote yale kutoka kivulini, bila kuingilia. Sasa akainuka kwenda kwenye ngazi, na ndipo dobi alipoona mkono wa koti lake. Ngazi ilikuwa imemtia mstari wa masizi na mafuta, kuanzia kiwiko mpaka kiganja. Kwa dobi, kuliacha doa kama lile lipite lilikuwa jambo lisilowezekana, hata dunia ingekuwa inaungua.

"Dada, hilo koti."

"Ah, liache tu, nitalifua nyumbani."

"Nipe. Jioni utalikuta limekauka. Nitalianika nje."

Kila aliyekuwa pale alijua dobi yule anaanika wapi, na kwa nini. Kalibu ndiyo kwanza ilikuwa inashika moto; moshi wa kwanza ulikuwa bado uko njiani, ndani ya bomba, na hakuna aliyejua utatoka na sura gani.

"Umesema nje?" Baba Maganda aliuliza.

"Nje. Kamba si ipo?"

"Subiri kwanza tuone..."

"Nimesubiri vya kutosha," alisema mkewe, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi sauti yake ililegea. "Nimeona mlichokifanya hapa, nimekigusa kwa mikono yangu. Njoo unifungie kamba, kisha urudi kazini."

Alikwenda. Aliivua kamba kwenye msumari, akaifunga kwenye nguzo ya kwanza, akaivuta mpaka ya pili, na vidole vilivyozoea chuma cha moto vilishindwa fundo mara kadhaa. Kuku wa jirani wakahama kwa kelele. Alimshika mkewe bega, akarudi mbio kwenye kalibu.

Doa lilitoka. Ungetegemea nini? Dobi akalisuuza koti, akalikung'uta, akalianika jeupe katikati ya kamba mpya, peke yake, likaanza kucheza. Kisha akapindua beseni, akalikalia, akalikazia macho koti. Bombani hakutazama. Alijikataza. Aliogopa akitazama atalianua.

Majirani wakaanza kuchungulia juu ya ukuta. "We mama! Koti la watu hilo!"

"Nalijua."

"Na upepo umegeuka, unatoka huko huko kiwandani!"

"Vizuri. Litakauka upesi."

Upepo kweli ulikuwa umegeuka. Ulivuka ukuta ukapita moja kwa moja uani, ukaliinua koti mikono ikapunga, na dobi alivuta pumzi akiutafuta ule uchungu kooni. Alipata harufu ya sabuni. Akavuta tena. Sabuni, na jua kwenye kitambaa. Harufu hiyo hakuwa ameinusa kwenye nguo zake tangu aolewe, na machozi yalimtoka bila kumwomba ruhusa. Akayafuta kwa aproni kabla jirani hajapata la kusimulia.

Jua lilikuwa limeshuka mpaka kwenye mabati walipoingia uani: mpimaji mbele, Injinia nyuma yake, Bosi, kundi zima la wayeyushaji wakiwa bado na nyusi nyeupe za unga, na Baba Maganda wa mwisho, ametazama chini. Mpimaji hakuwa amewaambia kitu. Alikuwa amefunga sanduku la mashine yake akaomba apelekwe kwenye koti lake.

Akalianua mwenyewe. Akaangalia kola, akaangalia mikono, ndani na nje. Akalinyanyua dhidi ya mwanga, akalipitisha polepole, mshono kwa mshono, akitafuta doa la rangi ya chai, akitafuta hata kitundu cha sindano. Akalivaa, akafunga vifungo vyote, kimoja kimoja, mpaka juu.

"Na mashine yangu," alisema, "imeona hivihivi."

Kelele iliyopigwa ilimwamsha mtoto nyumba ya tatu. Wayeyushaji walimnyanyua Injinia juu, wakamwangusha, wakamnyanyua tena. Bosi alimkumbatia kila aliyekaribia, wakiwemo majirani ambao hakuwajua. Baba Maganda yeye aliegemea nguzo aliyoisimika kwa mkono wake akiwa kijana, akaitazama kamba iliyokaza, kisha akamtazama mkewe.

Mkewe alimfuata, akampangusa unga kwenye nyusi. Alijivuna naye mpaka kifua kikambana, na hakuficha. "Mnamwona huyu?" aliwaambia waliojazana ukutani, sauti imepanda. "Baba Maganda ndiye huyu! Mwiteni tena! Mwiteni kwa nguvu, nataka nisikie!"

Wakamwita, na safari hii hakuna aliyeuliza habari za kuku.

Jirani mmoja, aliyekuwa bingwa wa kicheko mtaani, alijipenyeza na shuka jeupe mkononi, bado linachuruzika maji. Aliuliza kama kamba ina nafasi. Dobi alimpima kuanzia kichwani mpaka miguuni, akamwacha asimame kidogo, kisha akasogea kumpisha.

Injinia alikuwa ametua chini, anatengeneza shati. "Shemeji, sasa ile mifuko, siku nyingine ikizidi kuwa mizito, tutakuletea uipunguze kidogo tu..."

"Thubutuni!" alisema dobi, na ua wote ukacheka. "Mtaikung'uta huko huko, kidogo, na koti lake la unga mtaiachia. Nguo za mtaa huu nileteeni zote, leo hadi kesho. Lakini mifuko ile mwachieni mwenyewe." Akamshika mumewe mkono, ule ulioshindwa fundo. "Yeye afue moshi. Mimi nitafua nguo."